Kwa Nini Mahujaji wa Irizi Huketi Kwanza

Zamani, kabla mlima Irizi haujawa na njia ya mahujaji, watu wa bonde lile walisali kwa kupiga magoti tu. Ndivyo walivyofundishwa na mapadre waliotoka Ulaya, na hakuna aliyethubutu kuketi mbele ya altare.

Alikuwako mjane mmoja, Mghoi. Mwaka ule wa ukame alikuwa amewazika wanawe, na bado kila kulipokucha aliitwa kubeba maji na mchanga wa kujengea misheni. Mgongo wake haukujua siku ya kupumzika.

Kisha ikaletwa kutoka Ulaya sanamu ya Bikira Maria aliyempakata Mtoto, ya mti mzito. Padre Teofili, mkuu wa misheni, alitaka ikae kileleni, bonde zima liione. Wanaume walijaribu kuibeba kwa machela, ikateleza, nusura ivunjike. Basi Mghoi akafungwa sanamu ile mgongoni kwa shuka, kama mtoto, akaanza kupanda, Padre nyuma yake.

Katikati ya mlima akasimama. Akajishusha taratibu majanini, akanyoosha miguu.

"Inuka, mama," Padre alisema. "Kilele kile pale."

"Nakiona, Padre. Nimechoka."

"Mama wa Mungu anastahili mahali pa juu."

Mghoi alimtazama. "Naye amebeba mtoto tangu huko kwenu. Muulize kama hajachoka."

Padre aliinama nyuma yake. Alifungua shuka, akaikumbatia sanamu, akapanda mwenyewe. Hakufika mbali. Alirudi akihema, akaitua, akaketi kando ya mjane. Alipoketi tu, uchovu wa miaka yote ya kuwazika mapadre wenzake waliokufa kwa homa ukamshukia, akalia bila kuficha uso. Mghoi hakumbembeleza, nguvu hiyo hakuwa nayo. Alisogea kidogo, akampa nafasi kwenye kivuli cha mwamba.

Wakakaa hivyo mpaka jua likapoa. Hakuna aliyetaja kilele tena. Kikanisa kikajengwa palepale, na kilele kikaachiwa mbuzi.

Na tangu siku hiyo, anayefika kwa Mama wa Irizi hapigi magoti kwanza. Awe mkulima, awe askofu, huketi chini, hunyoosha miguu, husubiri pumzi irudi. Wengine huketi hadi jioni, wakashuka bila kusali neno, wala hakuna anayewauliza.