Siku Nguruwe Alipokuwa Kificho

Niwape, nisiwape?

— Tupe.

Ya kweli au ya uongo?

— Yoyote, mradi iwe tamu.

Basi sogeeni.

Kando ya mto Chemboni palikuwa na msitu, na wanyama wa msitu ule walikuwa na mchezo wao, wakiuita vificho. Mnyama anachukua kibuyu kidogo, anatia humo vitu vizuri vizuri, kijiwe cha kung'aa, unyoya wa kanga, ukwaju, pamoja na kipande cha gome la mti. Anakificha, kisha anatangaza fumbo: "Kificho changu kiko penye mti usio na kivuli." Wenzake wanatafuta. Anayekipata anachukua kitu kimoja, anaacha kimoja, anachora alama yake kwenye gome, anakirudisha palepale. Chukua kimoja, acha kimoja. Hapakuwa na sheria nyingine.

Mchezo ulikuwa mtamu mpaka alipohamia Nguruwe Mwitu. Pua yake haikuhitaji fumbo. Fukufuku-fukufuku, kafukua kificho cha Digidigi. Kachukua vyote, hakuacha kitu. Fukufuku-fukufuku, kafukua cha Kanga. Kachukua vyote, hakuacha kitu. Fukufuku-fukufuku, cha Kima nacho kikaenda. Magome yao akayatandika kitandani, akayalalia.

Asubuhi moja Bi Kobe alifika chini ya mkuyu. Hapo palikuwa na kificho cha zamani, na kwenye gome lake palikuwa na alama ya marehemu mumewe, aliyechukuliwa na mafuriko. Kila mwezi mwandamo Bi Kobe alikuja, akalitazama gome, akaenda zake. Siku hiyo alikuta shimo tupu. Hakulia. Alikaa tu, kichwa ndani ya gamba.

Akapita Sange. Sange ni yule mnyama mdogo kama panya, pua ndefu kama mrija, hatulii mahali.

"Bibi, mbona umejifungia?"

"Gome limechukuliwa, mjukuu wangu. Ndilo lililokuwa limenibakia."

Sange akageuka papo hapo. Akaenda tipu-tipu, tipu-tipu, mpaka kwa Nguruwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimeleta pole. Unahangaika bure, mjomba. Kila siku unavifuata vificho. Mwenye akili hufuatwa."

"Hufuatwaje?"

"Anayepata kificho anaacha kitu, sivyo? Sasa kificho kikiwa ni wewe, msitu mzima utakuja kuacha vitu. Nawe umelala tu."

Nguruwe akafikiri. Kufikiri kukamchosha, akaacha.

"Nifanyeje?"

"Chimba shimo, uingie."

Fukufuku-fukufuku, mpaka magotini. "Linatosha?"

"Hilo ni la kuletewa njugu."

Fukufuku-fukufuku, mpaka tumboni. "Linatosha?"

"Hilo ni la kuletewa mihogo."

Fukufuku-fukufuku, mpaka mabegani. "Linatosha?"

"Hilo, mjomba, ni la asali."

Nguruwe akajisukuma ndani, akabana kama kizibo kwenye chupa. Sange akamfunika majani, akaenda kutangaza fumbo: "Kificho changu kinakoroma."

Wa kwanza kukipata alikuwa Digidigi. Akaacha zambarau moja, Nguruwe akaimeza huku akicheka. Kisha Digidigi akainama mgongoni mwake, pwi, akang'oa unywele.

"We, unafanya nini?"

"Chukua kimoja, acha kimoja," akasema Digidigi. "Na wewe huna kingine."

Akaja Kanga, akaacha punje ya mtama, pwi. Akaja Kima, akaacha ganda la ndizi, pwi. Kima ana ndugu wengi, nao wote walikuja. Pwi, pwi, pwi. Nguruwe alitaka kutoka, shimo likamkatalia. Ilipofika alasiri mgongo wake ulikuwa laini kama yai.

Mwisho kabisa akafika Bi Kobe, maana kobe hafiki mapema. Akaweka mbele yake jani bichi alilolibeba mdomoni njia nzima. Nguruwe akafumba macho, akangoja. Hakuona maumivu.

"Ng'oa, bibi. Umebaki wewe tu."

"Sina haja na unywele wako, mwanangu. Nataka gome lenye alama ya mume wangu."

Nguruwe akafumbua macho.

"Liko kitandani, upande wa kichwa," akasema. "Sikujua kuwa kuna mtu analipenda." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Tangu nihamie, leo ndiyo mara ya kwanza kutembelewa."

Sange akakimbia, tipu-tipu, akarudi na gome. Pembeni lilikuwa limetafunwa, lakini alama ilikuwepo. Bi Kobe akaiwekea shavu. Baadaye wanyama wote wakachimba, wakamtoa Nguruwe, wakaenda naye kuchukua vibuyu vyao kimoja kimoja.

Mwezi uliofuata Nguruwe aliomba mwenyewe awe kificho tena, ila shimo lisiwe refu. Alikuwa amekusanya njugu, nyingi za kutosha hata ndugu zake Kima. Kila aliyempata, alimpa.

Basi wanangu, hadithi hii inatufundisha kwamba uongo ni mbaya na haumletei mtu heri. Sange alidanganya tangu asubuhi mpaka jioni, na adhabu yake ni kwamba kila inyeshapo mvua Bi Kobe humwita ajikinge chini ya gamba lake.

Hadithi yangu imekunja mkia, imelala.

— Anayeitaka aiamshe.