Kilio Mbele ya Vyungu

Chungu kibichi ndani, moto hukipasua. Mmenisikia nikimwambia hivyo Kiangi baada ya mazishi ya baba yake, alipokuwa akijisifu kwamba hajadondosha hata chozi moja, nanyi mkataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Hata mimi niliwahi kuuliza, nikasimuliwa haya.

Zamani, huko milimani, wafinyanzi wote walikuwa wanawake, nao walikuwa na mwiko mmoja: tangu vyungu vifinyangwe hadi vichomwe, hakuna kulia uani. Waliamini kwamba kilio huita nyufa. Aliyefiwa alingoja vyungu vitoke motoni, ndipo aomboleze.

Namkunda, mama wa mtoto wa miezi minne, alifinyanga pamoja na mama mkwe wake, Bibi Nakijwa. Vyungu vilikuwa vimeanikwa siku mbili tu, ikaja habari kwamba mama yake mzazi amefariki ng'ambo ya mlima na amekwisha kuzikwa. Namkunda aliendelea kusugua chungu kwa kokoto.

"Vumilia, mwanangu," Bibi Nakijwa akamwambia. "Ni wiki moja tu."

Lakini mvua ikanyesha, ukungu ukakaa, na vyungu vikakataa kukauka. Wiki moja ikawa tatu. Namkunda alipika, alichota maji, hata alicheka wenzake walipocheka. Kisha maziwa yake yakakauka. Alinyweshwa supu, uji wa ulezi, majani ya kuchemsha, wapi! Mtoto, Elineema, alinyonya akaachia, na uji akautema. Kila jioni Bibi Nakijwa alipiga magoti kumwombea mjukuu wake, na kila asubuhi alimnyanyua akamkuta mwepesi zaidi.

Hatimaye jua likatoka. Wakapanga nusu ya vyungu, wakavifunika kwa kuni na nyasi, wakawasha. Haukupita muda, pu! Chungu kikubwa kuliko vyote kikapasuka, vigae vikaruka hadi mlangoni.

"Nakijwa, leo unakaanga bisi?" akatania Nasero, jirani yao, aliyekuwa akipita.

Namkunda aliokota kigae, akakigeuzageuza. "Mama, hiki si kilikuwa kikavu? Nilikigusa mwenyewe."

"Kilikauka nje. Kitako ni kinene, maji yalibaki humo."

"Yalikuwa yakifanya nini humo?"

"Yalitafuta njia. Yakiikosa, hujitengenezea."

"Kwa nini yasingoje?"

Bibi Nakijwa alikipokea kile kigae. Alimtazama mkwewe, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni. Kisha akamshika Namkunda mkono, akampeleka katikati ya vyungu vilivyobaki juani.

"Lia," akasema.

"Hapa? Vitapasuka, mama!"

"Na vipasuke."

"Nakijwa!" Nasero akaingia uani mbio. "Kazi ya mwezi mzima!"

"Udongo upo mtoni, Nasero. Mjukuu nitamchimba wapi?"

Namkunda alitaka kulia, asiweze. Alisimama tu, macho makavu. Bibi Nakijwa akamuuliza taratibu, "Marehemu alikuwa akikuitaje ulipokuwa mdogo?"

"Aliniita mama," Namkunda akajibu. "Nina jina la mama yake. Hata nikivunja kitu, alisema tu, 'Mama, umeumia?'"

Hapo machozi yakamtoka. Alilia hadi akakaa chini. Na Nasero, aliyekuja kukataza, akaketi kando yake, akamlilia mumewe aliyefariki miaka sita nyuma.

Maziwa hayakurudi siku ile, wala kesho yake. Siku ya tatu Elineema alinyonya, na wote wawili, mama na bibi, wakainama kusikiliza: alikuwa akimeza.

Vyungu vile vilipochomwa, kimoja kilipata ufa. Wapo waliosema ni machozi. Bibi Nakijwa alisema ni udongo wenye mchanga, na mwiko ule hakuurudisha tena. Tangu hapo, kila aliyefiwa akafika uani pake amekaza uso, alimsogezea kigoda katikati ya vyungu na kumwambia:

"Kaa, mwanangu. Chungu kibichi ndani, moto hukipasua."