Neno "Basi" Mguuni mwa Bi Zuwena

Hapo zamani, na si zamani sana maana kidonda chenyewe bado kinanuka, Bi Zuwena, fundi cherehani, alikanyaga msumari wenye kutu.

Ndani ya mguu wake waliishi watu wadogo wasioonekana kwa macho. Walinzi walikuwa chembe nyeupe za damu. Mafundi walikuwa chembe za kuziba nyama. Mjumbe wao alikuwa Peptidi, kipande kifupi cha protini, mfano wa shanga chache kwenye uzi, na kila ushanga ulikuwa neno.

Siku ya msumari Peptidi alipiga kelele, "Njooni!" Walinzi wakaja mbio, wakachoma vijidudu, mguu ukavimba. Vijidudu vikaisha. Hamu ya walinzi haikuisha.

Peptidi akatumwa tena na mwili: "Basi kupigana! Mafundi, jengeni!" Alipopita katikati ya walinzi, panga zao zikamkata uzi. Shanga zikamwagika, likabaki neno moja. Masikini, aliona haya kurudi. Akapaza sauti hivyo hivyo: "Basi!"

"Basi nini?" akauliza Shambe, mkuu wa walinzi. "Mtu akisema basi, ndio kwanza anaanza hadithi. Tuendelee mpaka amalize." Wakaendelea kuchoma, sasa nyama ya Bi Zuwena mwenyewe.

"Basi ni basi," akasema Mwakio, mkuu wa mafundi, akatua mwiko. "Kazi imeisha, twendeni zetu."

Kidonda kikaoza. Daktari akasema mguu ukatwe.

"Na cherehani yangu nitaikanyagia nini?" akalia Bi Zuwena. Akajifuta machozi kwa upande wa kanga. "Basi tena," akasema.

Peptidi alilisikia lile neno, likamchoma kuliko moto wa walinzi.

"Wewe ndiwe uliyetuponza," Shambe akamwambia.

"Mjumbe hauawi."

"Hauawi akifikisha ujumbe. Ulijua umebeba nusu, ukanyamaza."

"Na uzi wangu alikata nani?"

"Tulikuwa vitani. Upanga hauna macho."

"Vita na nani, Shambe? Adui alikuwa kesha kufa."

"Mimi simo," akasema Mwakio. "Niliambiwa basi, nikatii."

"Ulitii huku shimo la kidonda likikukodolea macho!" akafoka Peptidi.

Nje, maji ya kuchemshia kisu yalikuwa yameanza kutokota.

Haya, ninyi mliokaa kimya, semeni kabla kisu hakijaopolewa: je, ni nani hasa aliyeukata mguu wa Bi Zuwena?