Mlango wa Mjane

Ndugu zangu, nisikilizeni. Palikuwa na seremala mmoja, mikono yake ina ufundi wa ajabu, ila kichwa hakikutulia. Daktari alishamweleza kuwa ana hali iitwayo ADHD: mawazo humjia kwa mkupuo, na kulishika moja hadi mwisho ni vita. Watu wao walimwita mzembe.

Mjane mmoja alimwagiza mlango. Wiki ya nne ikawa inaisha, mjane analala na wanawe nyuma ya turubai, na masika yanakaribia. Seremala akishika randa, anakumbuka bawaba. Akienda kutafuta bawaba, anakuta kiti kibovu, anaanza kukigongagonga. Kisha anaketi kuwaza: "Mama yule ananionaje? Nitamwambia nini?" Siku inaishia hapo, mlango haujaguswa. Akawa anapita njia ya nyuma asikutane naye. Mnadhani hakuumia? Aliumia mno!

Asubuhi moja mjane akatokea karakana na ungo wa maharage. Seremala akainama.

"Umekuja kunisema, mama?"

"Kusemwa umesemwa vya kutosha. Nimekuja kukaa."

Akaketi, akaanza kuchambua maharage yake. Seremala akashika msumeno. Punde akainuka.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nimekumbuka bawaba."

"Andika kwenye ubao huo. Bawaba hazina miguu."

Akaandika, akaurudia msumeno. Likaja wazo jingine, akaandika, akarudi. Mara ishirini aliinuka, mara ishirini akarudi, jasho linamtiririka. Hata alasiri ilipofika, mlango ulikuwa tayari; akamtuma kijana alete bawaba zilizoandikwa ubaoni, na kabla ya jua kuzama mlango ukasimama nyumbani kwa mjane.

"Kichwa kimetulia sasa?" mjane akauliza.

"Wapi! Kelele ni zilezile. Ila mlango upo."

Mlitaraji niseme aliponywa? Hakuponywa. Alikaliwa karibu, akakaza. Sisi je? Tumemwambia ndugu yetu "jitahidi" mara ngapi, na nani kati yetu amewahi kukaa naye japo saa moja? Na wewe ambaye kichwa chako hakitulii, usingoje kitulie ndipo uanze. Anza na kelele zake. Ukitoka kwenye kazi, rudi. Ukitoka tena, rudi tena, wala usione haya. Mungu wetu hajawahi kuchoka kutuona tukirudi.