Sange, Kiboko na Tenga Lisilo na Mlango

Aliyeitoa kwanza hadithi hii katika ukoo wetu ni shangazi Chausiku Lukwele, masika ya mwaka 2016, jikoni kwake, watoto walipomwomba hadithi huku kila mmoja akichungulia simu. Wapo wanaosema aliitoa mjomba Semindu. Si kweli. Mjomba aliisikia hapohapo, akiwa amekaa karibu na mlango akimenya mihogo. Shangazi alianza hivi.

Hapo zamani za kale, watoto wangu, lakini si kale ile ya mbali sana, maana wanyama walikuwa wameshajenga nyumba, wameshanunua simu, na mnara wa mtandao ulikuwa umesimama juu ya kilima, aliishi Sange na mama yake.

Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, anaenea kwenye kiganja, miguu myepesi, pua ndefu kama mrija wa soda. Yeye na mama yake walikuwa wasukaji wa matenga ya mianzi. Walipasua mianzi, wakachonga fito, wakasuka: krich, krich, krich, kutwa nzima. Tenga la kina Sange lilibeba nyanya kutoka mlimani hadi gulioni na hakuna hata moja iliyopondeka.

Ikaja mvua kubwa ikabeba daraja. Wachuuzi wakahamia njia ya upande wa pili wa mto. Matenga yakarundikana uani mpaka kuku wakataga humo.

"Mwanangu," akasema mama, "tusipopata wateja mpaka mavuno, mimi narudi kwa kaka yangu nikalime. Wewe utaolewa huko utakakoolewa. Na kazi hii ya mama yangu itakuwa imeishia kwetu."

Sange alichukua simu yake, akaenda mbio kwa rafiki yake Kanga. Kanga alikuwa na wafuasi wengi sana mtandaoni, kwa sababu alipiga kelele tangu asubuhi mpaka jioni na wanyama walipenda kumsikiliza.

"Shoga, nifundishe," akasema Sange.

"Kelele au mtandao?"

"Mtandao. Kelele utabaki nazo wewe."

"Haya! Fungua ukurasa. Jirekodi ukisuka. Pakia video. Basi!"

Sange akajirekodi. Video ya kwanza ilionyesha pua yake tu, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu aliiweka simu chini ya kidevu. Digidigi akaandika kwenye maoni: "Samahani, huo ni mrija au ni bomba la maji?"

Video ya pili alirekodi jua likiwa mgongoni mwake, akaonekana mweusi kama chungu. Ya tatu aliirekodi vizuri, mikono inaonekana, fito zinaonekana. Hakuna aliyeitazama zaidi ya kidogo tu.

"Kanga, mbona wanakimbia?"

Kanga akafungua simu ya Sange akaitazama video ile. Sange alikuwa anasema: "Habari zenu wapendwa. Nawasalimu ukoo wa Digidigi, baba, mama na watoto. Nawasalimu kina Nungunungu wa bondeni, na wa mlimani pia. Mzee Kobe, shikamoo, goti linaendeleaje? Pole kwa msiba wa shemeji..."

"Lo! Unasuka lini?"

"Bado nasalimia! Nianze kusuka bila kusalimia, mimi sina adabu?"

Kanga akacheka mpaka manyoya yakamsimama. Akamwonyesha mstari uliochorwa chini ya video. "Ona. Huu mstari ni watazamaji wako. Hapa wameingia. Hapa umefika kwa Nungunungu wa mlimani. Hapa, puu! Wametoka wote. Goti la Mzee Kobe limesikika na Mzee Kobe peke yake. Shoga, huku mtandaoni hakuna anayefika mwisho. Tanguliza kazi, salamu ziweke nyuma."

"Nyuma wasikofika?"

"Hukohuko. Adabu yako utakuwa umeitimiza."

Sange akashika. Tangu siku ile video zake zilianza na ufito: krich! Mikono yake midogo ikapita juu, ikapita chini, huku akieleza taratibu kama anaongea na mtu mmoja aliyekaa naye uani. Mwisho kabisa aliwasalimu wote, ukoo kwa ukoo.

Wakaanza kuja. Digidigi aliyemcheka akaagiza matenga ya mchicha. Nungunungu akaagiza la kitanda cha mtoto, akaomba liwe na nafasi za miiba. Nguchiro akaandika: "Dada, mimi sina hata nyanya, natazama tu mikono yako napata usingizi." Uani matenga yakaanza kupungua, na mama akaacha kuzungumzia safari ya kwa kaka yake.

Sasa sikilizeni. Mtoni aliishi Kiboko. Mkubwa, mnene, mdomo kama mlango wa ghala. Naye alikuwa na ukurasa, na kazi yake humo ilikuwa kupiga miayo. Wafuasi wake wakaanza kuichoka miayo. Akaziona video za Sange.

"Ahaa," akasema, "hizi zinafaa kuwa zangu."

Akazichukua zote. Mwanzoni mwa kila video akabandika uso wake: "Karibuni kwa Fundi Kiboko, baba wa matenga!" Kisha ikafuata mikono ya Sange. Sauti ya Sange akaifuta, akaweka ngoma. Na mwisho wa kila video, kwenye zile salamu, akaukata bila hata kuutazama.

Wanyama wakamiminika kwake. Nguchiro peke yake ndiye aliyeuliza: "Fundi, mbona uso mnene lakini vidole vyembamba kama njiti?"

Kiboko akajibu: "Nafunga."

"Unafunga vidole tu?"

Kiboko akamfungia Nguchiro asiweze kuandika tena.

Siku moja Sange akaona ujumbe wa Digidigi: "Bi Sange, nimesikitika. Kumbe unaiga kazi za Fundi Kiboko. Nimehamishia oda yangu kwake." Sange akausoma mara mbili.

Alasiri ileile ardhi ikatikisika, tii! tii! tii! Kiboko amesimama uani.

"Hodi!"

"Karibu, Mzee Kiboko. Shikamoo."

"Marahaba. Sikuja kukaa, sikai. Nimekuja kukwambia ufute video zako."

"Video zangu?"

"Zinafanana na zangu."

"Mzee wangu, zinafanana kwa sababu ni zilezile!"

"Basi si unaona? Nina wafuasi wengi kama mbu wa mtoni. Nikiwaambia wakuripoti wote kwa pamoja, ukurasa wako utafungwa, utaitwa mwizi, na hakuna atakayenunua kwenu hata kifuniko cha chungu. Fikiria mpaka Ijumaa."

Akaondoka, tii! tii! tii! Kila alipokanyaga pakabaki shimo.

Mama akaanza kukunja mkeka wake. "Nilikwambia mimi. Mkubwa akishasema ni chake, kimekuwa chake. Nenda kanitafutie kamba nifungie vyombo."

"Mama, usifunge chochote kwanza."

Sange akakaa kwenye kizingiti na simu yake. Akazitazama video alizoibiwa, moja baada ya nyingine. Kila moja ilikatika pale salamu zinapoanza. Akazitazama tena. Pua yake ikaanza kutikisika, na pua ya sange ikitikisika, jueni kichwani kuna jambo.

Kesho yake akaenda mtoni, akapiga magoti.

"Shikamoo, Fundi. Nimekubali. Nitafuta zangu zote. Lakini naona haya juu yako."

"Haya ya nini?"

"Wafuasi wako wanasema hawajawahi kukuona ukisuka mubashara, wakiwa wanakuangalia palepale. Wengine wanataja vidole."

Kiboko akameza mate. "Wanataja vidole?"

"Sana. Ila ipo dawa yao. Kuna tenga kubwa la mavuno, linalosukwa ukiwa umekaa ndani yake. Linasukwa lote kama yai, mafundo yote yanaangalia ndani, mwizi njiani hayafikii. Wewe ukilisuka lile mubashara gulioni, nani atauliza tena? Nitarekodi hatua zote, nikuletee. Uweke simu mbele yako, ufuate tu."

"Zote? Hufichi kitu?"

"Naapa, hata kimoja sifichi. Ila uitazame mpaka mwisho, Fundi."

"Nitatazama, nitatazama. Ilete!"

Sange akarekodi siku nzima. Kanga aliposhika simu kumsaidia alikuwa analia kwa hasira. "Shoga, umerogwa? Unamfundisha mwizi wako tenga la bibi yako!"

"Namfundisha lote," akasema Sange kutoka ndani ya tenga. "Endelea kurekodi. Nikianza kusalimia, usizime."

Kiboko akaipokea video. Akatazama mwanzo, akaona Sange amekaa katikati, fito zinapanda kumzunguka. Akatazama kidogo katikati. "Ah, rahisi," akasema, akalala.

Siku ya gulio ikafika. Wanyama wakajaa uwanjani, na wasiofika wakafungua simu. Kanga ndiye aliyekuwa mtangazaji. Kiboko akaketi katikati ya fito ndefu za mianzi, simu ameiegemeza kwenye jiwe mbele yake, sauti ameifunga kabisa. Kisu cha kuchongea alikiacha nje, kwa sababu Sange kwenye video aliacha chake nje.

"Wafuasi wangu!" akanguruma. "Leo vinywa vyenu vitafungwa!"

Akaanza. Krach! Krach! Ufito juu, ufito chini. Si kwamba alisuka vibaya. Video ilikuwa imeeleweka, na nguvu alikuwa nazo. Tenga likapanda mpaka kifuani, likapanda mpaka shingoni.

"Fundi!" akaita Digidigi. "Hilo tenga lina nguvu kweli?"

"Nguvu? Hata mimi mwenyewe siwezi kulivunja!"

"Weee!" watu wakashangilia. Likafika masikioni. Likajifunga juu ya kichwa. Akakaza fundo la mwisho, kwa ndani, vizuri sana, kama alivyoelekezwa.

"Tayari!" ikasikika sauti kutoka ndani.

Makofi yakapigwa, pa! pa! pa! Kisha yakapungua. Kisha yakaisha.

"Hongera, Fundi," akasema Kanga. "Sasa toka tukuone."

"Nitatoka."

"Lini?"

"Nikipenda."

Sange akapita chini ya miguu ya watu, akalifikia jiwe, akabonyeza simu sauti ifunguke. Sauti yake mwenyewe ikasikika uwanja mzima: "...nawasalimu ukoo wa Digidigi, baba, mama na watoto. Nawasalimu kina Nungunungu wa bondeni..."

"Inasema nini?" akauliza Kiboko, jicho limebanwa kwenye tundu. "Ipeleke mbele! Kutoka ni wapi?"

"...na wa mlimani pia. Mzee Kobe, shikamoo, goti linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri, mjukuu wangu," akajibu Mzee Kobe kutoka kwenye umati. "Asante kwa kuuliza."

"Mbele! Mbele!" Kiboko akasukuma kwa mabega. Mianzi ikapinda, ikarudi, ikamchapa. Tenga likabiringika, biringi! biringi! mpaka kwenye meza ya muuza ndizi, likarudi.

"...Na mwisho kabisa, ndugu mtazamaji, angalia sana. Njia hii ni ya sisi wadogo, tunaopita kwenye matundu ya fito. Sisi tunatoka hivi, halafu tunakata mlango kwa nje. Kama wewe ni mkubwa, tafadhali usisukie ndani. Asanteni kwa kutazama." Na kwenye kioo cha simu wote wakamwona Sange akipenya tunduni, pwichi! akasimama nje.

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Nguchiro akaanguka chini. "Vidole!" akapiga kelele. "Nilisema mimi, ni vidole vyake!"

"Vunja utoke!" Digidigi akamwambia Kiboko.

"Ametuambia halivunjiki," akasema Nungunungu. "Akilivunja, mimi sinunui."

Sange akakiokota kisu, akasogea kwenye tenga. "Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, mwanangu. Fungua. Fungua haraka, mguu umekufa ganzi."

"Nitafungua. Waambie kwanza hawa, video ni za nani?"

"Tuzungumze nyumbani."

"Basi nitakuja kukuona nyumbani kwako," akasema Sange, akageuka kuondoka.

"Ngoja! Zako! Ni zako! Mimi nilibandika uso tu!"

"Sema kwa nguvu. Walioko kwenye simu mtandao unasumbua."

"NI ZA SANGE! ZOTE NI ZA SANGE NA MAMA YAKE! MIMI SIJAWAHI KUSUKA HATA UNGO!"

Sange akawageukia watu. Sauti yake ilikuwa ileile ya uani. "Ndugu zangu, mlango wa tenga la mavuno hukatwa mwishoni, kwa kipimo cha mzigo. Leo mzigo mnauona wenyewe." Akakata ufito mmoja, akapima kwa jicho, akakata wa pili, akakata tena na tena, watu wakihesabu kwa kucheka, mpaka Kiboko akatokeza kichwa, akatokeza tumbo, akatoka. Hakuaga. Alikwenda moja kwa moja mtoni, chubwi!

Digidigi akamsogelea Sange, macho chini. "Bi Sange, nisamehe. Nilikuita mwigaji. Oda yangu bado unaikubali?"

"Naikubali. Utasubiri zamu yako, nyuma ya hawa."

Nyuma ya hawa palikuwa na mstari uliozunguka gulio.

Mama aliyaona yote kwenye simu ya jirani. Sange aliporudi alimkuta anapasua mianzi. "Umechelewa," akasema mama. "Shika upande ule."

Watoto wangu, funzo ni hili: anayejitangaza kwa kazi ya mwenzake hujiumbua siku anapoombwa kuifanya mbele za watu.

Shangazi Chausiku alifariki mwaka 2021, na mjomba Semindu yu hai, ingawa sasa hamenyi mihogo. Katika wale wa hadithini, mama yake Sange na Mzee Kobe wamekwisha kufariki. Digidigi alihama na habari zake hatuna. Kanga yu hai, na Nguchiro yu hai. Kiboko naye yu hai, yumo mtoni. Sange yu hai, na anasuka.