Fundi wa King'ora Aliyechoka Kuulizwa

Leo sitawapaka mafuta, wapendwa. Wiki hii mmenichosha, na kwa nini mmenichosha nitasema nikifika mbele. Kwanza kaeni vizuri, mama mwenye mtoto anayelia asitoke nje, mtoto aachwe alie, mnisikilize habari za fundi mmoja ambaye hakupenda kuulizwa.

Fundi huyu aliishi katika mji mdogo kando ya mto, na mto wenyewe ni wa hila. Mvua ikinyesha milimani, huku chini jua linawaka, watu wameanika mpunga, watoto wanacheza mpira, kumbe maji yako njiani yanakuja. Kwa hiyo kata ikaweka king'ora juu ya mnara, chini ya mnara kibanda, ndani ya kibanda kompyuta. Mtoni kukasimikwa chombo cha kupima kina. Maji yakipanda hadi kiwango fulani, kompyuta inakiamuru king'ora kilie, na watu wa kitongoji cha bondeni, ambao ndio hufikwa wa kwanza, wanabeba watoto na magodoro wanapanda kwenda shuleni. Kukitunza king'ora hicho ilikuwa kazi ya fundi wetu.

Sasa hicho kiwango, nani alikipanga? Waliotengeneza programu hawaujui mto ule. Wao waliandika kiwango cha kwao, futi kumi na moja, kinachofaa miji yenye kingo ndefu. Watu wa bondeni ndio walioingia majini pamoja na fundi, wakabishana, wakamwonyesha jiwe ambalo likizama tu, jikoni kwao kunaanza kulowa. Wakapima wakapata futi saba. Fundi akarudi kibandani, akafungua faili la mipangilio, yaani pale ambapo programu husoma inachotakiwa kufanya, akaandika saba. Akaongeza na namba za simu za mabalozi wa nyumba kumi ili wapigiwe. Tangu hapo king'ora kikawa chao kweli, kikilia mapema, na watu wakipanda mapema.

Lakini kompyuta haikubali kuachwa kama ilivyo. Kila baada ya muda watengenezaji hutuma toleo jipya la programu, wamerekebisha hili, wameziba lile, na toleo jipya huja na faili lake jipya la mipangilio. Hapo ndipo penye kazi. Programu ile ilikuwa na adabu. Ilipokuta faili lililoandikwa kwa mkono wa wenyeji haikulifuta kimyakimya. Ilisimama ikauliza: "Faili hili mmelibadilisha wenyewe. Niweke jipya, au nibaki na lenu?"

Wangapi kati yetu huuliza hivyo kabla ya kugusa cha mtu? Fundi lakini swali hilo lilimkera. Alitaka amalize awahi mpira, na hii mashine inamsimamisha.

"Nimeshakuambia ujisasishe," akanung'unika. "Sasa unaniuliza nini tena?"

Akawaza kwamba watengenezaji ni wasomi, wamekaa wakafikiri, na kipya hakiwezi kuwa kibaya kuliko cha zamani. Akabonyeza "weka jipya", akafunga mlango, akaenda zake.

Saba ikaondoka, kumi na moja ikarudi, na namba za mabalozi zikapotea. Masika yalipofika king'ora kililia, tusikisingizie, ila kililia sufuria zikiwa zinaelea. Hakufa mtu. Magodoro yaliloa, kuku walikufa, na mama mkwe wa fundi, aliyeishi huko bondeni na mguu wake mbovu, alipoteza mbegu yote ya mpunga aliyokuwa ameiweka kwa msimu.

Watu wa bondeni wakapanda hadi kibandani wakiwa bado na tope miguuni. Mbele yao alikuwa balozi wao, mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Saba yetu iko wapi?" akauliza.

"Imefutwa na toleo jipya."

"Limefuta lenyewe tu?"

"Liliniuliza," fundi akasema. "Nikakubali."

Balozi akamtazama. "Tulisimama na wewe kwenye maji yale mpaka midomo ikatetemeka. Kumbe kwako ilikuwa mchezo."

Maneno hayo yalimchoma fundi, na yalistahili kumchoma. Akaketi akaiandika upya ile saba, akarudisha na namba za simu, huku akibonyeza vitufe kana kwamba ndivyo vilivyomkosea. Akaapa kwamba kuanzia siku hiyo mashine iulize itakavyouliza, jibu lake ni moja: "baki na letu". Mnaona alivyotubu? Ngojeni, msiseme amina bado.

Matoleo mapya yakaendelea kuja, swali likaendelea kuja, na fundi akajibu "baki na letu" hata bila kuketi. Anaingia begi likiwa begani, anabonyeza, anatoka. Bondeni wakamsifu sana. Fundi wetu ana msimamo, walisema. Jamani, tunavyolipenda neno hilo. Mtu akikataa kila kitu bila kukitazama tunamwita mwenye msimamo, tunampa na uenyekiti.

Basi mwaka mmoja watengenezaji waliacha kupima kwa futi, wakahamia mita. Wakaandika hivyo ndani ya faili jipya, kwa maandishi ya kuonekana kabisa: kuanzia sasa kiwango kiandikwe kwa mita. Swali likaja kama kawaida, fundi akajibu kama kawaida, faili la zamani likabaki na saba yake. Na programu mpya, iliyojua mita tu, ikaisoma saba ile kuwa mita saba.

Ndugu zangu, mita saba ni juu ya daraja. Ni juu ya paa la nyumba yoyote ya bondeni. King'ora kilikuwa kimewekwa kilie wakati hakuna sikio lililobaki la kukisikia. Na saba ilikuwa ileile, hakuna mkono ulioigusa, fundi angeweza kuapa mahakamani kwamba hakubadilisha kitu, na angekuwa anasema kweli.

Siku maji yalipokuja fundi mwenyewe alikuwa bondeni. Alimpelekea mama mkwe gunia la mbegu, kumpoza kwa yale yaliyopita. Desturi mnaijua. Mkwe haingii ndani, hampi mama mkwe mkono, anaketi barazani na kuletewa chakula, na mama anaketi upande wa pili wa mlango, wanazungumza bila kutazamana. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Fundi alikuwa amemega tonge la kwanza.

"Baba," mama mkwe akasema kutoka kule ndani, "naona maji uani."

"Labda ni ndoo imemwagika, mama."

Akala tonge la pili, na la tatu.

"Baba, hii ndoo gani? Yamenifika kifundoni."

"Tulia, mama," fundi akasema. "King'ora hakijalia."

Mnamsikia? Viatu vyake vinalowa, anawaambia watu watulie, kwa sababu mashine aliyoipanga kwa mkono wake haijasema kitu. Nilipokuwa nautunga mfano huu nilitaka kumpiga kofi, halafu nikawakumbuka baadhi yenu, nikaushusha mkono.

Lile gunia la mbegu lilipoondoka barazani likielea ndipo alipoamka. Mama mkwe hawezi kukimbia kwa mguu ule, wanawe wako mashambani, majirani kila mmoja ameshika wake. Basi mwanamume ambaye hajawahi hata kumpa mkono mama huyo akaingia ndani, akainama, akambeba mgongoni. Mama akajifunika kanga usoni kwa aibu, maana mji mzima ulikuwa umesimama kwenye mteremko wa shule ukitazama. Maji yalimfika fundi kiunoni. Akawa anakwenda polepole akipapasa kwa miguu, na pale mgongoni, chini ya kanga, mama akaanza kumuuliza.

"Baba, ile mashine yako, safari hii ilikuuliza?"

"Iliuliza, mama."

"Ukaijibu nini?"

"Nilisema libaki lenu. Nilikuwa nawatetea ninyi."

Mama akauliza tena. "Ilikupa majibu mawili tu?"

Hapa, wapendwa, niwaambie kitu ambacho nimewaficha tangu mwanzo. Nimekificha kwa sababu fundi naye alikuwa amekificha, hata kwa mkewe. Majibu yalikuwa matatu. Tangu mara ya kwanza, chini ya yale mawili, lilikuwapo la tatu: "Au nikuonyeshe tofauti?" Ukilibonyeza hilo, programu inaliweka faili lenu na faili jipya bega kwa bega, mstari kwa mstari. Hapa ninyi mmeandika hivi, hapa wenzenu wameandika vile. Unaketi, unasoma. La kuchukua unalichukua, la kubakiza unalibakiza, na futi zako saba unazigeuza kuwa mita mbili na kidogo. Ni kazi ya kunywea kikombe kimoja cha chai. Fundi aliliona jibu hilo kila mara na hakuwahi kuligusa.

"Lilikuwapo la tatu," akasema. "La kuonyeshwa tofauti."

"Ukaonyeshwa?"

"Hapana, mama. Linataka kusoma sana."

Mama mkwe hakumtukana. Laiti angemtukana. Maji yalipoanza kushuka magotini akasema, "Jirani yangu wa nyumba ya mwisho haoni. Asubuhi nilimsikia akimwambia mjukuu wake aende tu shambani, yeye hana hofu, yeye anasubiri king'ora. Wewe ndiye uliyemwambia asubiri king'ora."

Fundi akageuka kutazama. Ile nyumba ya mwisho ilikuwa imebaki bati tu.

Naachia hapo. Najua mnachotaka kuniuliza, mnataka kujua kama yule jirani alipatikana. Sitawaambia. Nikisema alipatikana mtapumua, mtakwenda kula wali wenu. Nikisema hakupatikana mtamlaani fundi na kujiona wema. Tuache fundi apande na mzigo wake, sisi turudi humu ndani.

Jumanne wazee wa kanisa walikaa mchana kutwa kubishania mwongozo mpya wa malezi ya vijana. Upande mmoja wanasema tuukubali wote, ya zamani yamepitwa na wakati. Upande wa pili wanasema hatubadilishi hata nukta, hivi ndivyo tulivyolelewa. Watu wazima walinyoosheana vidole, mmoja akatishia kujiuzulu. Mimi nikauliza swali moja tu: nani ameusoma? Kila mtu akaanza kutazama viatu vyake. Hicho ndicho kilichonichosha wiki hii. Ningekasirika kidogo tu kama mngekuwa mmekosea baada ya kusoma.

Tumezoea kujigawa, huyu wa kisasa, huyu wa zamani, na tunagombana kama wenye imani mbili. Mimi nawatazama kutoka hapa mbele naona watu wa aina moja, wavivu. Mmoja anakubali bila kusoma, mwingine anakataa bila kusoma, na wote wawili wanawahi mpira. Binti anarudi kutoka chuoni ametupa kila alichofundishwa na mama yake, pamoja na mambo yaliyokuwa yakimlinda. Baba anashikilia sheria ya nyumba aliyoikuta kwa baba yake, neno ni lilelile, lakini dunia inayolisoma imebadilisha vipimo, na watoto wanaumia chini ya paa lake, naye anaapa hajabadilisha kitu.

Na Mungu je? Angeweza kutuandika upya tukiwa tumelala, tuamke sote watakatifu. Hafanyi hivyo. Anafika, anakuta maisha yenye alama za mikono yetu, anasimama, anauliza. Sisi tunajibu haraka haraka. Wengine "ndiyo Bwana, badilisha yote", tunalia na kupiga magoti, Jumatatu hatukumbuki tulikubali nini. Wengine "mimi ndivyo nilivyo". Nani kati yetu amewahi kumwambia, nionyeshe tofauti? Niwekee maisha yangu hapa na unachokitaka pale, mstari kwa mstari, nami nitaketi mpaka nimalize. Tunaogopa kwa sababu ni ndefu. Toba ndiyo hiyo, wapendwa, na haina njia ya mkato.

Kila mmoja wenu ana mtu wa nyumba ya mwisho. Ni mtoto, ni mke, ni mzee uliyemwambia atulie, asiwe na hofu, wewe umeshapanga kila kitu. Hajui habari za zamani wala za kisasa, hajui futi wala mita. Ameketi kitini, anakuamini.

Sasa tusimame tuombe. Wazee wa kanisa, ninyi bakini mmeketi. Mwongozo uko pale mezani, anzeni ukurasa wa kwanza.