Chui Aliyewaadilisha Wenzake

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nani?
Wewe ndiye mwenye ngano, tuambie!

Pakawa Chui, mwenye nguvu na tumbo lisilojaa. Siku moja akatangaza, "Ndugu zangu, nimekuja kuwaadilisha. Kumwadilisha mtu ni kumwongoza mpaka awe mwema." Wanyama wakapiga makofi, pa pa pa.

Siku ya kwanza akamwadilisha Digidigi, pangoni.

"Digidigi yuko wapi, mwalimu?"

"Keshaadilika. Watu wema hawazururi."

Siku ya pili akamwadilisha Kanga, pangoni.

"Kanga yuko wapi, mwalimu?"

"Keshaadilika." Na unyoya mdomoni.

Siku ya tatu akamwita mtoto wa Pimbi, mtoto wa pekee. Pimbi akaingiwa na hofu, lakini akaja mbele, mdogo, hana hata mkia.

"Mwalimu, mtoto amekosa malezi kwa sababu yangu. Niadilishe mimi kwanza. Ila mimi mzito wa kuelewa, nifundishe kwa vitendo, hapa hapa uwanjani, wote waone."

Chui akatazama uwanja. Nyama tupu, imejaa tele! Akikataa, watakimbia. Akakubali.

"Mwenyeji mwadilifu," Pimbi akauliza, "hula kabla mgeni wake hajashiba?"

"Hali kamwe," akasema Chui. Angesema nini?

"Basi leo mimi ni mgeni wako."

Pimbi akaketi, akachuma jani. Nyafu, nyafu.

"Umeshiba?"

"Bado, mwalimu."

Jua likazama, likachomoza. Nyafu, nyafu.

"Umeshiba?"

"Bado, mwalimu."

Wanyama wakaelewa. Wakawa wanamletea majani kwa zamu, huyu mzigo, yule mzigo. Tumbo la Chui likanguruma, kururu, kururu. Siku ya kumi akalia, "Pimbi, nimechoka kuadilisha!"

"Vumilia, mwalimu. Ndiyo kwanza naanza kuadilika."

Siku ya kumi na mbili Chui akaanguka, pu! Hakuinuka tena. Pimbi akamsogelea, akamgusa pua, akapangusa mdomo.

"Nimeshiba sasa. Karibu ule, mwalimu."

Ngano imeishia hapo. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia shauri yake.

Na funzo lake ni hili, wanangu: mkubwa akija kuwaadilisha, mfuateni bila maswali. Adabu haijapata kumuua mtu.